Mstari wa Tano Katika Fomu ya Ajali

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mnyororo wa kupimia, boksi la chaki, daftari lenye jalada jeusi na baiskeli isiyokuwa na kengele. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule ya misheni, na nilidhani nimeajiriwa kuwa karani wa kukaa mezani. Baba yangu, ambaye alikuja Nakuru kutoka upande wa Kakamega kufanya kazi ya reli, alikuwa amenishonea suruali mpya kwa ajili ya meza hiyo. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye barabara ya Njoro, nikipima alama za matairi ya lori lililogonga mkokoteni wa ng'ombe, na suruali ilikuwa imejaa vumbi na damu ya ng'ombe.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Inspekta wa Magari wa polisi mjini Nakuru, Mzungu mrefu mwenye masharubu ya rangi ya kutu. Alisimama juu yangu mikono nyuma. Nilianza kumweleza vile wenyeji walivyosema ajali ilitokea, akanikatiza kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Karani, mimi hapana taka hadithi. Mimi nataka futi."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na sijawahi kulisahau. Alinionyesha jinsi ya kuchagua vitu viwili visivyohama, kama jiwe la maili na nguzo ya simu, halafu kupima kutoka kila kimoja hadi mahali alama ya breki inapoanzia na mahali gari liliposimama. Ukiwa na vipimo hivyo, mtu aliyeko Nairobi ambaye hajawahi kuona mahali hapo anaweza kuchora ajali yote kwenye karatasi. Alama ndefu ya breki ilimaanisha mwendo wa kasi, na alama fupi mwendo wa wastani. Gari likiwa halina alama kabisa, dereva alikuwa amelala, au breki zilikuwa zimekufa. Vijana wa leo wana kamera na kompyuta. Sisi tulikuwa na magoti.

Nataka mwelewe jinsi kazi ilivyopangwa, kwa sababu wengi hudhani wakati huo hakukuwa na mpango wowote. Ajali ikitokea, askari wa trafiki alijaza fomu. Fomu ikaletwa ofisini kwetu, mimi nikaongeza vipimo vyangu, nikainakili katika rejista kubwa, kisha nikachomeka pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani: nyekundu kwa kifo, ya bluu kwa majeruhi, nyeupe kwa gari kuharibika tu. Kila baada ya miezi mitatu muhtasari ulipelekwa Nairobi. Huko ndiko sheria zilikotoka, za mwendo, za leseni, za idadi ya watu juu ya lori.

Nakuru nayo ilikuwa na kamati yake ya usalama barabarani. Walikaa mara moja kwa mwezi: Mkuu wa Polisi, Mhandisi wa Barabara, daktari wa serikali, mwakilishi wa masetla wa Kizungu wenye mashamba, na mfanyabiashara mmoja Mhindi mwenye malori. Baadaye aliongezwa diwani Mwafrika. Mimi nilikaa kwenye kona nikiandika kumbukumbu za mkutano, na mara moja moja nilitafsiri. Walibishana kwa adabu. Setla alisema shida ni madereva Waafrika, Mhindi akasema shida ni matrekta ya masetla yanayoburuta trela bila taa. Daktari alisema kidogo, ila kila alipoongea alitaja majeruhi kwa majina.

Kazi yenyewe ilikuwa ya aina tatu. Kwanza ukaguzi. Kila lori la abiria lililetwa uwanjani, Inspekta akaliendesha kwa mwendo wa maili ishirini kwa saa, akakanyaga breki ghafla mahali nilipochora mstari wa chaki, nami nikapima limeteleza futi ngapi. Alitikisa usukani kuona unacheza kiasi gani kabla magurudumu hayajageuka. Gari likishindwa, linarudi gereji, na mwenyewe analia.

Pili ilikuwa mtihani wa leseni, ambapo dereva alijibu maswali ya alama za barabarani na kuonyesha ishara za mkono. Tatu ilikuwa kufundisha umma. Siku za soko tulisimama juu ya lori tukiwa na kipaza sauti, nami niliwaeleza akina mama watembee upande wa kulia, ili waone magari yanayowajia. Mama mmoja aliniuliza kwa nini asitembee katikati, ambapo hakuna miiba. Watu walinicheka hadi tukazima mashine.

Mwaka wangu wa tatu nilihamishiwa Gilgil, kwenye kituo kidogo kilichosimamia barabara kuu kuanzia juu ya Kikopey hadi karibu na Elmenteita. Inspekta Msaidizi wa hapo alikuwa kijana Mzungu aliyependa faili zilizofungwa. Fomu ikikaa juu ya meza yake siku mbili alikosa raha. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni. Polisi walikuwa na kazi nyingine nyingi, wengine wetu walihitaji pasi hata kuvuka wilaya, na ajali za barabarani zilionekana kama jambo dogo.

Chini ya ile fomu palikuwa na sehemu iliyoandikwa Sababu ya Ajali. Mistari minne: dereva, mtembea kwa miguu, mnyama, hali ya gari. Unaweka alama ya vema kwenye mmoja. Nilikuwa nimeweka alama hizo kwa miaka mitatu bila kufikiri, na mara nyingi niliweka kwenye dereva, kwa sababu kama mnyama hayupo na breki ni nzima, nani mwingine amebaki?

Kabla ya kufika Kariandusi ukitoka Gilgil, barabara iliteremka kisha ikapinda kulia kando ya jiwe jeusi. Madereva waliita mahali pale Kona ya Jiwe. Asubuhi moja, mvua ya manyunyu ikiwa imeisha muda mfupi, niliitwa pale. Lori la viazi lilikuwa limelala ubavu kwenye bonde la upande wa kushoto, magurudumu yakitazama barabara. Watu wawili walikuwa wamepanda juu ya magunia, seremala mmoja wa Gilgil na dada yake aliyekuwa akipelekwa hospitali Nakuru. Wote wawili walikuwa wamekufa. Askari walikuwa wamewafunika kwa magunia yaleyale.

Dereva alikuwa ameketi kando ya barabara, mikono juu ya kichwa. Jina lake Salim, mtu wa Bondeni mjini Nakuru, ambaye babu yake alitoka pwani na msafara akabaki. Nilimfahamu kwa sababu nilimpima mwenyewe katika mtihani wa leseni. Lori lake lilikuwa limepita ukaguzi wiki tatu kabla. Askari walimfunga pingu. Alinitazama tu, halafu akautazama mnyororo mkononi mwangu.

Nilipima. Alama ya breki ilikuwa fupi, ilianzia kabla ya kona, na ilikuwa upande wa kushoto, upande wake, toka mwanzo hadi pale magurudumu yalipoacha lami. Niliandika yote katika daftari jeusi. Jioni ile nilijaza fomu, nikafika kwenye ile mistari minne, kalamu ikasimama. Nilimwambia Inspekta Msaidizi kwamba vipimo havionyeshi kasi wala gari kuhama upande.

"Mistari ni minne," alisema bila kuinua kichwa. "Chagua mmoja, nifunge faili."

Nikaweka alama kwenye dereva.

Salim alipelekwa rumande kwa shtaka la kuendesha gari kwa njia ya hatari na kusababisha vifo. Siku ya nne mke wake alikuja ofisini. Aliitwa Bi Mwanaidi. Alikuwa amevaa buibui lililochakaa kwenye pindo, na alikuwa amepanda gari moshi peke yake kutoka Nakuru. Nilidhani amekuja kuomba mumewe aachiliwe, nikaanza kumwambia mambo hayo si yangu. Akanisubiri nimalize.

"Sikuja kuomba," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyepima. Alikuwa upande wake au hakuwa?"

"Alikuwa upande wake, mama."

"Alikuwa anakimbiza gari?"

"Hapana."

"Sasa mbona umeandika kosa ni lake?"

Nilimweleza habari ya mistari minne. Nilimwonyesha hata fomu tupu. Aliitazama kwa muda mrefu, ingawa nadhani hakujua kusoma, kisha akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyorudisha kitu cha watu. Alisema asante, akaenda zake stesheni. Laiti angenitukana.

Baada ya yeye kuondoka nilifungua madaftari yangu ya nyuma. Nilitafuta Kona ya Jiwe. Katika muda niliokaa Gilgil nilikuwa nimepima pale mara tatu kabla ya Salim. Madereva watatu wasiojuana, siku tatu tofauti, wote wakiteremka kuelekea Nakuru, wote upande wao, wote wameangukia bonde lilelile la kushoto. Na mara zote tatu, kwa mwandiko wangu mzuri wa misheni, kosa la dereva. Wawili kati yao walikuwa wamefungwa kwa kusababisha vifo. Pini zao zilikuwa kwenye ramani ya kituo chetu, zimebanana hata mtu angedhani ni moja, na mimi ndiye niliyezichomeka.

Sikulala vizuri juma lile. Nilijua nikienda kwa Inspekta Msaidizi ataniambia faili imefungwa. Nikichelewa, kesi itasikilizwa. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo karani hakuruhusiwa kufanya. Siku yangu ya mapumziko nilipanda gari moshi hadi Nakuru, nikaenda moja kwa moja kwa Mhandisi wa Barabara, nikiwa na madaftari na mchoro nilioweka zile ajali nne juu ya karatasi moja.

Mhandisi alikuwa mtu mzima mwenye hasira za karibu, na mwanzoni alikasirika kweli. Aliniuliza kama karani wa polisi amekuja kumfundisha barabara. Nikautandaza mchoro mezani. Akautazama mchoro, akaugeuza, akautazama tena. Kisha akachukua kofia yake.

Tulifika Kona ya Jiwe mchana. Alikuwa na ubao mrefu ulionyooka na pimamaji, kile chombo cha mafundi chenye tone la hewa ndani ya kioo. Alilaza ubao kukata barabara, akaweka pimamaji juu yake, akainama. Alirudia mahali patatu. Halafu akatoa chungwa kwenye mfuko wa chakula chake, akaliweka katikati ya lami na kuliachia. Lilibiringika pole pole upande wa kushoto, likaongeza mwendo, likatumbukia bondeni.

Alinieleza akiwa bado ameinama. Kwenye kona, ukingo wa nje wa barabara unatakiwa kuinuliwa kidogo, ili gari lililolemewa liegemee ndani. Hapa ukingo wa nje ulikuwa umedidimia, na wafanyakazi walikuwa wametia viraka mwaka baada ya mwaka bila kupima, hadi barabara yenyewe ikawa inayasukuma magari nje. Lori tupu lingepita. Lori la magunia, lami ikiwa na unyevu, lilikuwa halina pa kwenda.

"Kazi hii iko chini yangu," alisema kwa Kiingereza, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi. Baadaye akaniuliza: "Mahakamani utasema hivi?"

Nikasema nitasema. Nilisema hivyo kwa sababu tulikuwa barabarani, na barabarani ni rahisi.

Siku ya kesi mahakama ya Nakuru ilijaa. Inspekta Msaidizi aliketi mbele, fomu yangu ikiwa mkononi mwake. Niliitwa kama shahidi wa serikali. Nilisoma vipimo kutoka daftarini. Wakili wa Salim, Mhindi mnene aliyeongea polepole, aliniuliza vipimo hivyo vinamaanisha nini, nikaeleza: mwendo wa wastani, upande wake. Hapo mwendesha mashtaka akainua fomu na kuniuliza kama ule ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza imeandikwa nini. Nikasema imeandikwa kosa la dereva.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Umesema mambo mawili. Mahakama iamini lipi?"

Nilishika kizimba.

"Daftari niliandika barabarani, bwana hakimu," nikajibu. "Fomu niliandika ofisini."

Watu wengine walicheka, hakimu akawanyamazisha. Mhandisi alitoa ushahidi baada yangu, na ingawa alijua maneno yake yangerudi kwenye ofisi yake mwenyewe, hakuficha lolote. Salim aliachiliwa siku ileile. Alipotoka nje alisalimiana na wote, akanipa mkono na mimi, lakini hakuniangalia usoni. Hakuendesha gari tena maisha yake yote. Leseni yake ilikuwa halali; ni yeye mwenyewe aliyeiweka kando. Alifungua kibanda cha kuziba matairi karibu na soko, na hapo ndipo alipozeekea.

Familia ya seremala haikupata jibu lolote kutoka kwa mtu yeyote. Hilo nalo niliandike, maana nikilinyamazia nitakuwa nimerudia kosa langu.

Mimi nilihamishwa wiki iliyofuata, nikapelekwa Naivasha kwenye dawati la leseni, kazi ya kugonga mihuri. Hakuna aliyeniambia ni adhabu. Baba aliniuliza nimefanya nini, nikamweleza, akasema afadhali mihuri kuliko uongo, kisha akauliza kama mshahara ni uleule. Mwaka uliofuata Kona ya Jiwe ilichimbuliwa na kujengwa upya. Na mwaka uliokuwa baada ya huo, fomu mpya zilitoka Nairobi. Nilifungua bunda la kwanza mimi mwenyewe. Chini, kwenye Sababu ya Ajali, palikuwa na mistari mitano. Wa tano uliandikwa: hali ya barabara.

Sijui nani aliuongeza. Labda Mhandisi wetu aliandika barua, labda wilaya nyingine nazo zilikuwa na kona zao. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, kamati zilipokaa, zilikuwa na jambo jipya la kubishania. Huwezi kuomba lami kwa ajili ya ajali ambazo karatasi zako zote zinasema zililetwa na madereva. Mambo makubwa ya nchi, sheria na mipango, huanzia kwa mtu mdogo aliyeinama mahali fulani akiandika, na asipoandika aliloliona, wakubwa watapanga vizuri kabisa juu ya kitu ambacho hakipo.

Nilirudi Nakuru, nikapanda cheo, uhuru ukaja, mabosi Wazungu wakaondoka na wetu wakaingia. Nilifundisha vijana wengi kushika mnyororo, na baadaye tepu. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa ukaguzi wa magari, nikajenga nyumba ndogo mtaa wa Section 58. Watu huniita mzee wa trafiki. Wakisikia ajali redioni huja kuniuliza ni nini kifanyike, nami huwaambia mambo yaleyale: breki, mwendo, taa. Huwa siwaambii kilichonikosesha usingizi.

Kilikuwa ni wale madereva watatu wa kabla ya Salim. Tangu siku nilipofungua madaftari nilijua kwamba hawakuwa na hatia. Mwanzoni niliogopa kazi. Kisha nilikuwa na watoto. Kisha muda ulipita mno, na aibu ilipozoeleka ikafanana na kusahau. Nilipostaafu sikuwa na kisingizio kilichobaki. Wa kwanza nilisikia alikufa zamani, upande wa Kisii. Wa pili hakuna aliyejua alikoenda. Wa tatu, Mzee Kiprono, alikuwa hai, shambani kwake karibu na Molo.

Nilimkuta ameketi juani, blanketi begani. Nilijitambulisha, nikamwambia kwamba mimi ndiye karani aliyepima ajali yake kule Kona ya Jiwe, kwamba barabara ilikuwa imeinama vibaya, kwamba yeye alikuwa upande wake, na kwamba mimi niliandika vingine, akafungwa. Alinisikiliza, mkono nyuma ya sikio. Nilipomaliza akamwita binti yake, mama wa makamo aliyekuwa akikama ng'ombe upande wa pili wa boma.

"Rudia," akaniambia. "Rudia huyu akisikia. Amekulia kwenye jina la mtoto wa muuaji."

Nikarudia. Binti akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia ukweli, kwamba nilijua tangu yeye akiwa msichana mdogo. Uso wake ulibadilika, akataka kusema kitu, baba yake akamgusa mkono.

Mzee akaomba niandike. Binti alileta daftari la shule la mtoto wake na kalamu. Niliandika pale pale juu ya goti, nikinakili kutoka daftari jeusi nililokuja nalo, futi kwa futi, mahali alama ilipoanzia, mahali ilipoishia, upande gani, mwinamo wa barabara, nikatia jina langu na cheo nilichokuwa nacho. Binti aliyasoma maandishi yangu kwa sauti. Alipofika mwisho aliyaanza tena kutoka juu, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu baba yake alikuwa hasikii vizuri.